Kuifuata Ireland Olimpiki: Tiketi, Treni na Runinga

Ireland ilirudi kutoka Paris 2024 na medali 7, dhahabu 4 na shaba 3. Haijapata kuvuna hivyo tangu ianze kushiriki Olimpiki kama nchi inayojitegemea, na hiyo nayo ilikuwa Paris, mwaka 1924. Hata hivyo shabiki aliyepanda ndege Dublin na tiketi za siku tatu nne angekuwa amebahatika sana kushuhudia mbili kati ya hizo. Medali 3 zilipatikana kwenye bwawa la La Défense Arena, magharibi mwa jiji. Mbili zilipatikana kwenye makasia huko Vaires-sur-Marne, nje kabisa upande wa mashariki. Moja ikaja Bercy kwenye jimnastiki, na ya mwisho Roland Garros, ambako uwanja wa tenisi uligeuzwa ulingo wa ndondi. Zote zilipatikana kati ya tarehe 29 Julai na 6 Agosti.

Taabu ya shabiki wa nchi ndogo inaanzia hapo. Mmarekani akinunua tiketi ya jioni yoyote ya kuogelea, mtu wake atamkuta majini. Mwairishi anatakiwa ajue ni jioni ipi, mbio zipi, na aombe Mungu mtu wake awe hajatolewa asubuhi. Aliyebaki nyumbani naye ana shida ya ukoo huohuo, maana picha inayorushwa dunia nzima haimfuati mtu aliye nafasi ya tano.

Nunua kipindi, usinunue jina

Hadi Tokyo, kila nchi ilikuwa na wakala wake rasmi wa tiketi. Kwa Ireland utaratibu huo uliishia pabaya Rio mwaka 2016, pale rais wa baraza la Olimpiki la nchi alipokamatwa kuhusiana na tiketi (alikana makosa) na serikali ikaagiza uchunguzi chini ya jaji mstaafu. Paris ikawaondoa mawakala kabisa. Tovuti ikawa moja kwa ulimwengu mzima, na mtu wa Cork akapanga foleni moja na mtu wa Nairobi.

Kwanza ilikuja bahati nasibu ya vifurushi, Februari 2023. Aliyechaguliwa alipewa muda maalumu wa kuingia, na hakuweza kununua mchezo mmoja tu: ilibidi achague vipindi 3 kwa mkupuo (kipindi ni asubuhi, mchana au jioni moja ya mashindano). Tiketi za mojamoja zilifuata Mei 2023. Bei ya chini ilikuwa €24, lakini za bei hiyo zilikuwa chache na ziliondoka mapema, na jioni za fainali za kuogelea au riadha zilikwenda kwa mamia ya euro.

Angalia tarehe hizo vizuri. Februari 2023 bondia Kellie Harrington alikuwa hajafuzu. Alifuzu miezi kadhaa baadaye, kwenye Michezo ya Ulaya iliyofanyika Poland. Timu ya makasia ilipata nafasi zake nyingi Septemba 2023 kwenye Mashindano ya Dunia ya Belgrade. Kwa maana hiyo kila aliyenunua mapema alikuwa anabashiri. Waliobashiri majina walijikuta na tiketi za ndondi za robo fainali ambazo ndani yake hapakuwa na Mwairishi hata mmoja: Ireland ilipeleka mabondia 10 Paris, wengi wakatolewa mapema, akabaki Harrington peke yake.

Walionunua kwa kusoma muundo wa mchezo walifanya vizuri zaidi. Chukua kuogelea. Mbio za mita 800 na 1500 huria hazina nusu fainali. Ni mchujo asubuhi, kisha fainali jioni ya siku inayofuata. Daniel Wiffen alipita mchujo wa mita 800 tarehe 29 Julai, na jioni ya tarehe 30 alichukua dhahabu kwa dakika 7 na sekunde 38.19, rekodi ya Olimpiki. Mita 100 kifua, mbio za Mona McSharry, zina hatua tatu: mchujo asubuhi ya tarehe 28, nusu fainali jioni hiyohiyo, fainali jioni ya 29. Kwa hiyo mtu mwenye tiketi za jioni ya 29 na ya 30 aliona medali mbili bila kubahatisha sana, alimradi waogeleaji wenyewe wamevuka mchujo. Jioni ya 28 ndiyo iliyokuwa adimu, na si kwa sababu ya McSharry. Usiku huo Mfaransa Léon Marchand alikuwa na fainali yake ya mita 400 mchanganyiko, na Wafaransa walikuwa wamejaa pomoni.

Kabla hujanunua, basi, angalia mwenyeji ana nani kwenye kipindi hicho. Nyota wa nyumbani akiwepo, bei ya soko la kuuziana inapaa na hakuna anayeuza.

Kosa jingine lililowaumiza watu ni kudhani vipindi vyote vya jioni vinaanza saa ileile. Jioni nyingi bwawani zilianza saa 2:30 usiku kwa saa za Paris. Siku ya mwisho, tarehe 4 Agosti, kipindi kilianza saa 12:30 jioni, na mita 1500 za wanaume zilikuwa mwanzoni kabisa. Wiffen alipata shaba yake wakati mtu aliyezoea ratiba ya siku za nyuma angekuwa bado mezani anakula.

Soko rasmi la kuuziana tiketi lilifunguliwa Mei 2024. Muuzaji hakuruhusiwa kuzidisha bei aliyonunulia, ingawa kulikuwa na ada juu yake. Hili ndilo lililowaokoa waliokata tamaa. Timu ya nchi ikitolewa usiku, mashabiki wake huachia tiketi usiku huohuo au alfajiri. Kwa mchezo wenye nusu fainali, saa ya kukaa kwenye simu ni ile inayofuata mara tu baada ya nusu fainali kwisha. Kadi iwe tayari imehifadhiwa kwenye akaunti, kwa sababu ukianza kuandika namba za kadi tiketi imeshachukuliwa.

Na kadi yenyewe iwe Visa. Olimpiki ina mkataba na Visa peke yake. Mtandaoni na viwanjani kadi nyingine haikubaliwi, kwenye vibanda labda utoe pesa taslimu. Kadi za benki kubwa za Ireland nyingi ni Visa, lakini vijana wengi wanatumia Revolut, benki ya kwenye simu, na baadhi ya kadi zake ni Mastercard. Geuza kadi uitazame kabla ya siku ya mauzo.

Visa nyingine

Hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ireland. Ireland imo ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haimo kwenye eneo la Schengen. Mkenya au Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi cha Ireland hawezi kupanda ndege ya Paris kwa kibali hicho. Anahitaji visa ya Schengen kama angekuwa anatoka Nairobi au Dar es Salaam, na ada yake tangu Juni 2024 ni €90. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini msimu wa Olimpiki hizo siku 15 ni za kujidanganya. Miadi huisha kabla ya fomu. Jirani mwenye pasipoti ya Ireland atakuambia Paris ni kwenda tu, na kwake ni kweli. Usipange kwa kalenda yake.

Paris yenyewe

Kuna njia mbili za kwenda. Ndege ni ya haraka, ila shirika la bei nafuu linaweza kukushusha Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris, na basi kutoka huko linachukua zaidi ya saa moja. Meli kutoka Rosslare au Dublin hadi Cherbourg ni safari ya usiku mzima na zaidi, kisha treni ya saa tatu hivi hadi stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Familia zenye gari na watoto waliona meli ina unafuu kwa sababu mizigo haihesabiwi kilo.

Kuanzia tarehe 20 Julai hadi 8 Septemba 2024, tiketi moja ya metro ilipandishwa kutoka €2.15 hadi €4. Waliojua walijaza kadi ya Navigo Easy kwa tiketi za bei ya zamani kabla ya tarehe 20, na tiketi hizo ziliendelea kufanya kazi kipindi chote cha Michezo. Wasiojua walikuwa na pasi ya Paris 2024 ya €16 kwa siku au €70 kwa wiki, ambayo ililipa tu kwa mtu anayezunguka viwanja viwili au vitatu kwa siku. Mji unaoandaa unaweza kupandisha nauli. Tafuta tangazo la usafiri mapema kama unavyotafuta hoteli.

Vaires-sur-Marne inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa makasia ndiyo mchezo ambao Ireland inautegemea siku hizi. Treni ya mstari wa P inatoka Gare de l'Est hadi Vaires-Torcy, halafu unatembea, halafu ukaguzi. Mashindano ni ya asubuhi na yanakwisha mapema mchana, kwa hiyo ondoka hotelini saa mbili nzima kabla. Mbio ni mita 2,000 na jukwaa liko mwishoni. Boti zinapoanza huzioni kabisa. Unatazama skrini kubwa na kusikiliza mtangazaji, mpaka zinapoingia robo ya mwisho ndipo unaona makasia yenyewe yakikata maji. Fintan McCarthy na Paul O'Donovan walitumia dakika 6 na sekunde kama 11 kuchukua dhahabu yao tarehe 2 Agosti. Ulisafiri nusu siku, ukaona kwa macho yako dakika moja na nusu. Wenye ujuzi walikwenda na kofia, krimu ya jua na darubini ndogo.

Halafu ratiba inaandika "Fainali A" na "Fainali B". Fainali B ni ya kugombea nafasi ya 7 hadi 12. Tiketi ya "siku ya fainali" inaweza kuwa na Mwairishi kwenye B pekee. Na wanaosikia kwamba boti imekuwa ya tatu kwenye mchujo wasilie bado: makasia yana raundi ya pili ya kujiokoa kwa walioshindwa raundi ya kwanza. Paris iliingiza utaratibu kama huo kwenye riadha pia, kwa mbio za mita 200 hadi 1500, pamoja na za kuruka viunzi. Wapo waliozima runinga kwa hasira wakati mtu wao bado ana nafasi.

Ndondi ina hesabu yake. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa kuanza kwa kipindi, si wa bondia wako. Pambano moja ni raundi 3 za dakika 3, mapumziko ya dakika moja kati yake. Ukijumlisha kuingia, kutangazwa na kutoka, Paris ilipanga pambano moja kila dakika 16. Hesabu mapambano yaliyo mbele ya lile la bondia wako, zidisha kwa 16, utapata saa yake karibu na sawa. Wanaopoteza nusu fainali wote wawili hupewa shaba, bila kupigania nafasi ya tatu. Kwa hiyo ushindi wa robo fainali tayari ni medali, na kwa nchi kama Ireland hicho ndicho kipindi chenye kelele nyingi kuliko hata fainali.

Mapambano hadi nusu fainali ya Harrington, tarehe 3 Agosti, yalikuwa Arena Paris Nord, kituo cha Parc des Expositions kwenye mstari wa treni wa RER B, karibu na uwanja wa ndege. Fainali yake tarehe 6 ilihamia Roland Garros, upande wa pili wa jiji. Aliyekodi chumba karibu na Arena ili awe jirani na ndondi alijikuta akivuka Paris nzima kwenda, na kurudi kwa treni za usiku wa manane, maana pambano lilianza baada ya saa 5 usiku. Kwenye Michezo iliyotawanyika hivi, kaa karibu na njia panda ya treni, usikae karibu na uwanja.

Mambo ya langoni ni madogo lakini ndiyo yaliyoharibu siku za watu. Tiketi zote zilikuwa kwenye programu ya simu, si kwenye karatasi, na mtu mmoja aliyenunulia watu wanne alipaswa kuwahamishia zao mapema. Simu ikizima, huingii. Ireland inatumia plagi ya pini tatu kama ya Kenya na Tanzania, na Ufaransa ni ya pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja yako haiingii ukutani bila adapta. Beba adapta na pawabenki. Laini ya simu ya Jamhuri ya Ireland inafanya kazi Ufaransa kwa bei ya nyumbani. Laini ya Ireland ya Kaskazini ni ya Uingereza, na baadhi ya mitandao inaweza kukutoza kwa siku.

La mwisho kuhusu uwanjani: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1991 inazuia kuuza pombe viwanjani, isipokuwa kwenye vyumba vya waalikwa wa gharama. Bia iliyouzwa ilikuwa isiyo na kilevi. Kwa kundi lililozoea kwenda uwanjani na kwa baa kwa pamoja, huo ulikuwa mshtuko mkubwa kuliko nauli. Kwa maoni yangu haikupunguza kelele hata kidogo.

Aliyebaki nyumbani na rimoti

Wengi hawasafiri, na kwa kweli aliyebaki nyumbani aliona medali nyingi zaidi. Sheria ya Ireland ya mwaka 1999 kuhusu matukio makubwa, na orodha iliyotolewa chini yake mwaka 2003, inaiweka Olimpiki ya kiangazi kwenye matukio ambayo lazima yaonyeshwe bure. Ndiyo maana RTÉ, shirika la umma, huonyesha kwenye RTÉ2 na kwenye RTÉ Player. Bure maana yake si bila leseni: kila nyumba yenye runinga hulipa €160 kwa mwaka. Anayetazama kwa simu au kompyuta tu hadaiwi leseni hiyo.

Kama una antena ya kawaida ya Saorview, huduma ya runinga ya bure ya Ireland, itumie. Hili watu hawaliamini mpaka liwafike. Picha ya antena inafika karibu papo hapo, ya mtandaoni inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Fikiria usiku wa Wiffen. Mita 800 ni mbio za karibu dakika nane, na ushindi ulipatikana kwenye urefu wa mwisho wa bwawa. Mwenye Player anamwona Wiffen bado anagusa ukuta kugeuka, huku jirani mwenye antena ameshapiga ukelele. Fainali ya McSharry ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu shaba iliamuliwa kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 1:05.59 dhidi ya 1:05.60 ya Mtaliano Benedetta Pilato. Sekunde chache zile za kusubiri ubao utoe majina ndizo zenye utamu, na arifa ya simu inazimaliza. Ukitazama mtandaoni, zima arifa za programu za habari na za makundi ya WhatsApp nusu saa kabla.

Sasa picha yenyewe. Kamera za viwanjani si za RTÉ wala BBC. Ni za Olympic Broadcasting Services, chombo cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kilichoanzishwa mwaka 2001, kinachotengeneza picha moja isiyopendelea nchi na kuigawa kwa vituo vyote. Kituo cha nchi kinaongeza sauti yake, studio na mahojiano, na pengine kamera chache. Mtangazaji mara nyingi ameketi chumbani nyumbani anatazama picha ileile unayoitazama wewe. Kwenye mchezo wa bwawa au ulingo hilo halina madhara, kwani kila mtu yumo kwenye fremu. Kwenye marathoni, matembezi au baiskeli za barabarani, kamera inakaa na wanaoongoza, na Mwairishi wa nafasi ya 22 hatokei saa nzima. Hapo fungua matokeo ya moja kwa moja kwenye tovuti ya Olimpiki upande mmoja, ufuate muda wake wa kila kituo, na runinga iwe ya mapambo.

Mashua nazo zina tabia yake. Robert Dickson na Sean Waddilove waliingia mbio za medali huko Marseille wakiwa nafasi ya tatu. Mbio hizo zilipangwa tarehe 1 Agosti, upepo ukakataa, zikasogezwa tarehe 2, siku ileile ya dhahabu ya makasia. Walimaliza wa nne. Mchezo unaotegemea upepo usiupangie saa. Weka kituo cha pili cha kutazamia ili usikose mengine huku ukisubiri bahari.

Kituo cha pili ni swali la pesa. Haki za Ulaya za Michezo ya 2018 hadi 2024 zilinunuliwa na Discovery mwaka 2015 kwa €1.3 bilioni, na vituo vya bure vikapata sehemu kutoka kwake. Ndiyo sababu BBC, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na njia 24, Paris iliruhusiwa kuonyesha matukio mawili tu kwa wakati mmoja: moja kwenye runinga na moja mtandaoni. Kila uwanja na kila mkeka ulipatikana kwa kulipia discovery+. Kama unafuata mchezo mdogo, mathalani badminton au mchujo wa judo, lipa mwezi mmoja, kata usajili siku ya kufunga Michezo. Kama unafuata medali tu, RTÉ inatosha.

Mpaka wa Kaskazini unachanganya mambo. Wiffen na mwanajimnastiki Rhys McClenaghan ni watu wa Ireland ya Kaskazini walioshindania Ireland. Hannah Scott wa Coleraine alishinda dhahabu ya makasia akiwa na Uingereza, na muogeleaji Jack McMillan wa Belfast, aliyekwenda Tokyo na Ireland, alipata dhahabu Paris na Uingereza. Mtu wa Kaskazini anaweza kuchagua, na shabiki wake anafuata timu mbili. Lakini haki za runinga zinafuata mipaka ya nchi. Belfast, matangazo ya Olimpiki ya RTÉ huweza kufungwa kwenye dishi na kwenye Player. Antena inayonasa mawimbi ya ng'ambo ya mpaka ndiyo tegemeo. Kusini, wenye dishi wanapata BBC bila taabu.

Na ukiwa Paris, hotelini? RTÉ Player inatambua kwamba hauko Ireland na inaweza kukufungia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Aprili 2018 inakupa haki ya kubeba huduma yako ya mtandaoni unaposafiri ndani ya Umoja, ila inawabana watoa huduma za kulipia tu. Ya bure ni hiari yao. Usajili wa kulipia ulionunuliwa Dublin ulifanya kazi Paris. Ule wa Belfast haulindwi tena na kanuni hiyo tangu Uingereza ijitoe. France 2 na France 3 zilikuwa bure kwenye kila runinga ya hoteli, lakini zilifuata Wafaransa. Kwa bahati, Marchand na Wiffen walikuwa bwawani usiku mmoja. Kwa ndondi za mchana, tafuta baa ya Kiairishi na uulize kabla ya kukaa kama wana picha ya RTÉ au ya nani.

Riadha nayo ina wafuasi wake. Rhasidat Adeleke wa Tallaght alikuwa wa nne mita 400 kwa sekunde 49.28, na siku iliyofuata kikosi chake cha 4x400 kikawa cha nne tena kwa rekodi ya taifa, 3:19.90, nyuma ya Uingereza kwa sekunde 0.18. Usishangae pia kumkuta mzee wa Cork akishangilia Mkenya mita 800. Bruda Colm O'Connell, mwalimu kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976, ndiye aliyemfundisha David Rudisha.

Los Angeles

Michezo ya 2028 ni tarehe 14 hadi 30 Julai. Los Angeles iko nyuma ya Ireland kwa saa 8, na nyuma ya Nairobi kwa saa 10. Fainali ya saa 12 jioni kule ni saa 8 usiku Dublin na saa 10 alfajiri Afrika Mashariki. Tokyo ilikuwa na ugumu kama huo lakini kwa upande mwingine: fainali ya Harrington mwaka 2021 ilikuwa saa 12 asubuhi, watu wa Portland Row, mtaa wake wa Dublin, wakaamka mapema tu. Saa 8 usiku haiamkiwi. Ama unalala saa 1 jioni, ama unachukua likizo. Omba likizo ya wiki inayokuhusu, na hapa pana mtego: safari hii riadha iko wiki ya kwanza na kuogelea wiki ya pili, kinyume na ilivyozoeleka.

Makasia ya uzito mwepesi, yaliyowapa McCarthy na O'Donovan dhahabu mbili mfululizo, hayamo tena kwenye programu. Njia ya Long Beach itakuwa mita 1,500 badala ya 2,000. Usinunue tiketi za makasia kwa kumbukumbu za Paris; ngoja uone nani yuko kwenye boti ipi.

Mwenye pasipoti ya Ireland anajaza ESTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani bila visa, ambacho ada yake ilipandishwa hadi dola 40 mwishoni mwa Septemba 2025, na ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani anaumaliza Dublin au Shannon kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo afike uwanja wa ndege saa moja mapema kuliko kawaida. Mwenye pasipoti ya Kenya au Uganda anayeishi Ireland hana ESTA. Anahitaji visa ya mgeni yenye mahojiano ubalozini, na tarehe ya mahojiano ndiyo anayopaswa kuitafuta kwanza, kabla ya tiketi na kabla ya kulipia chumba kisichorudisha pesa.